Kabla ya Maabara, Kuna Mzoga

Kila inapotangazwa kwamba nchi fulani imefungua maabara ya kupima vinasaba vya wanyamapori, picha huwa zilezile: makoti meupe, mashine mpya, mgeni rasmi akikata utepe. Nafurahi kila ninapoziona, kwa sababu kwa miaka mingi kesi za ujangili zilikufa kwa kukosa mtu wa kumweleza hakimu kwa uhakika kwamba nyama iliyo mbele yake ni ya pundamilia, haikutoka kwa ng'ombe. Lakini kadiri ninavyosoma hukumu za kesi hizi, na kadiri ninavyozungumza na askari wanaofanya doria porini, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mashine hizo haziwezi kupima kisicholetwa. Kesi nyingi huwa zimeshaamuliwa kabla sampuli haijapanda gari. Zimeamuliwa na yule aliyekuwa wa kwanza kuufikia mzoga: alisimama wapi, aligusa nini, aliandika nini, na aliacha nini kioze.

Mtu akiuawa, polisi huanza na mengi mkononi. Kuna jina, kuna ndugu, kuna simu, kuna watu waliomwona jana yake. Mnyama hana ndugu wa kwenda kufungua jalada, wala jirani wa kusema alisikia nini usiku ule. Hata swali ambalo kwenye mauaji ya mtu karibu halina haja ya kuulizwa, yaani aliyekufa ni kiumbe gani, kwa mnyama ndilo la kwanza. Sheria haimwadhibu mtu kwa kukutwa na nyama tu. Inamwadhibu kwa kukutwa na nyara ya mnyama aliyetajwa kwenye jedwali lake, na thamani ya nyara pamoja na uzito wa kifungo hufuata jina hilo. Mwendesha mashtaka akikosea jina, yote yanayofuata yameyumba.

Na jina hilo mara nyingi linatafutwa kwenye vitu visivyo na sura. Kipande cha nyama kilichokaushwa mpaka kikawa cheusi. Nywele chache kwenye panga. Unga ndani ya karatasi. Bangili iliyong'arishwa. Hapa ndipo watu hudhani kila kitu ni vinasaba, kumbe macho yaliyofundishwa bado yanafanya kazi kubwa. Chukua pembe ya ndovu. Ukiikata kwa kukingama utaona mistari inayopishana kama wavu, iitwayo mistari ya Schreger. Karibu na ukingo wa nje, kwa tembo wanaoishi leo mistari hiyo hukutana kwa nyuzi zaidi ya 115, na kwa mamothi, jamaa wa tembo waliokwisha kutoweka, hukutana kwa nyuzi chini ya 90. Jambo hili ni zito kisheria, maana biashara ya kimataifa ya pembe za tembo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini mamothi hayumo kwenye mkataba huo. Anayeuza kinyago cha tembo aliyeuawa mwaka jana ana kila sababu ya kusema ni cha mamothi aliyefukuliwa kwenye barafu ya Siberia. Mtaalamu mwenye lenzi na kipimo cha nyuzi humjibu palepale, na hahitaji kutoboa kielelezo.

Nywele nazo zina magamba kwa nje na uti kwa ndani, na mpangilio wake hutofautiana baina ya jamii za wanyama. Manyoya ya ndege yana elimu yake peke yake. Mwasisi wake, Roxie Laybourne wa taasisi ya Smithsonian, aliijenga kutokana na ajali ya ndege ya abiria iliyoanguka Boston mwezi Oktoba 1960 na kuua watu 62. Kwenye injini yalikutwa mabaki ya manyoya, naye akatambua kuwa ni ya kwezi. Ajali ile haikuwa na jangili ndani yake, lakini baadaye njia hiyohiyo ya kulinganisha vipande vya unyoya na makusanyo ya makumbusho ilitumika dhidi ya wanaoua ndege wanaolindwa.

Umbo likishindwa, vinasaba huingia. Kawaida husomwa sehemu fupi ya vinasaba vya mitokondria, yaani viungo vidogo vinavyozalisha nguvu ndani ya seli, kama jeni ya saitokromu b, kwa kuwa kila seli ina nakala zake nyingi sana na hata nyama iliyopikwa huweza kubaki na vipande vya kutosha. Ni njia nzuri yenye upungufu mmoja ambao wapelelezi wengi hawaelezwi: vinasaba hivyo hurithiwa kwa mama pekee. Mnyama chotara ataonekana kana kwamba ni wa jamii ya mama yake, na pale ambapo sheria inamlinda mzazi mmoja tu, wakili wa utetezi aliyesoma atalishika hilo na hataliachia.

Tena, maabara haiwezi kutambua kitu isichokuwa na cha kulinganisha nacho. Kule Ashland, Oregon, maabara ya Serikali ya Marekani iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya makosa dhidi ya wanyamapori ina mafuvu, ngozi na mifupa ya wanyama waliotambuliwa kwa uhakika. Mifupa ya makusanyo ya namna hii husafishwa na mbawakawa wanaokula nyama iliyokauka na kuacha mfupa mtupu bila kuukwaruza. Napenda kuwataja wadudu hao kwa sababu wanakumbusha jambo ambalo wafadhili hulisahau: mashine hununuliwa kwa bajeti ya mwaka mmoja, ila makusanyo hujengwa kwa miongo, fuvu moja baada ya jingine, na yanahitaji mtu wa kuyatunza hata mwaka ambao hakuna kamera.

Hayo ni ya mezani. Swali la pili, mnyama alikufaje, hujibiwa porini, na ndipo ninapotaka kukaa kwa muda.

Mzoga wa tembo uliokatwa uso unaweza kumfanya mtu aamini kwamba ameshajua yote. Pembe hazipo, basi ni jangili. Huenda ni kweli. Lakini pembe zinaweza kuchukuliwa kwa tembo aliyekufa kwa ugonjwa, na yule aliyeziokota ana kosa lake, ila si lile la kuua. Inabidi kuangalia kama tishu zilizozunguka jeraha zilivuja damu kwa ndani. Moyo unaodunda huijaza damu sehemu iliyokatwa, na moyo uliokwisha kusimama hauwezi kufanya hivyo. Mtego wa waya huacha mfereji shingoni au mguuni, na chini ya ngozi damu huvilia pale mnyama alipopigana na kitanzi. Ukiona mfereji bila damu iliyovilia, jiulize kama waya ule haukufungwa baadaye ili kupoteza mwelekeo.

Risasi hutafutwa kwa kitambua metali kinachopitishwa juu ya mzoga na kwenye udongo ulio chini yake. Hapa wengi hukosea kwa haraka. Nyama ikishaoza, risasi huanguka na kuzama ardhini, kwa hiyo udongo nao unachekechwa. Ikipatikana haipaswi kuchokonolewa kwa kisu au koleo la chuma, kwa sababu mikwaruzo midogo iliyoachwa na mtutu ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba bunduki iliyomuua tembo huyu ndiyo iliyomuua faru mwaka uliopita katika wilaya nyingine. Risasi moja iliyotunzwa vizuri inaweza kuunganisha mizoga ambayo kila mmoja ulikuwa na jalada lake. Ganda lililookotwa na kutiwa mfukoni pamoja na sarafu limepoteza sehemu ya uwezo huo, na hakuna anayejua hadi siku linapohitajika.

Sumu ndiyo mbaya kuliko zote. Haina mlio, haina tundu, na haichagui. Mwaka 2013 katika hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, majangili waliweka sayanaidi kwenye maji na sehemu za chumvi wanakolamba wanyama, na zaidi ya tembo 100 wakafa. Mwezi Juni 2019 nchini Botswana walipatikana tumbusi 537 waliokufa pamoja na tai wawili, baada ya kula mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu. Tumbusi hawana pembe wala ngozi ya kuuza. Kosa lao ni kuruka. Wakianza kuzunguka angani, askari aliye mbali huinua macho na kujua mnyama mkubwa ameanguka wapi, na jangili hukosa saa anazohitaji ili atoweke. Kwa hiyo humwaga sumu kwenye mzoga makusudi, ili yule anayemtangaza afe. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanichoma, kwa sababu tumbusi huangua yai moja tu kwa kawaida, na kundi linaloondolewa kwa siku moja halirudi upesi.

Kwa mpelelezi, ndege hao waliolala wametawanyika ni ushahidi ambao lazima usomwe kwa mpangilio wake. Umbali wao na mzoga ni wa kupimwa na kuchorwa, kwani sumu inayoua haraka huwaacha karibu, wengine nyama ikiwa bado mdomoni. Mfuko wa chakula ulio shingoni mwa ndege unafaa kwa vipimo kwa sababu una kile alichokula mwisho, kabla mwili haujakivunja. Huongezwa ini, yaliyomo tumboni, kipande cha nyama ya mzoga wenyewe na udongo wa chini yake. Kila kimoja kiwe kwenye chombo chake na kiende kwenye ubaridi mapema. Nzi waliokufa juu ya mzoga nao wachukuliwe. Mzoga wa siku mbili kwenye joto usiokuwa na funza hata mmoja tayari unauliza swali. Na sumu hizi, hasa kabofurani iliyotengenezwa kuua wadudu mashambani, hupenya hata ngozi ya binadamu, kwa hiyo anayeokota ndege kwa mikono mitupu anahatarisha maisha yake.

Kuna onyo jingine ambalo ningependa kila kijana anayeajiriwa kwenye doria alijue kabla hajapewa kisu. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na sehemu ya haja, asipasuliwe. Huenda ni kimeta. Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kudumu ardhini kwa miongo mingi. Kumpasua kwa ajili ya ushahidi ni kupanda ugonjwa pale pale. Katika hali hiyo huchukuliwa damu kidogo tu kwa utaratibu wa daktari wa wanyama, na mzoga huteketezwa au kuzikwa kwa kina.

Kutoharakisha hukumu kunasaidia upande wa pili pia. Katikati ya mwaka 2020 tembo wapatao 350 walikufa kaskazini mwa Botswana, karibu na bonde la Okavango. Dunia nzima ilipiga kelele za ujangili. Lakini pembe zilikuwa mahali pake, na baadaye serikali ya nchi hiyo ikaeleza chanzo kuwa ni sumu ya viumbe wadogo wa majini waitwao sayanobakteria. Mizoga ile ilikuwa na kazi ya kuwaondolea watu shaka, na iliifanya. Ndiyo maana mpango wa MIKE, unaofuatilia mauaji haramu ya tembo chini ya CITES, unawataka askari waandike kila mzoga waliouona, hata wa tembo aliyekufa kwa uzee, pamoja na umri wa mzoga na sababu ya kifo. Hesabu yake ni nyepesi: katika mizoga yote iliyoonekana, ni sehemu gani iliuawa kinyume cha sheria? Ikizidi nusu, hali ni mbaya. Mwaka 2011 uwiano huo ulifikia kilele chake barani Afrika. Takwimu hiyo iliyobadilisha sera za nchi nzima nzima imejengwa juu ya kalamu za askari waliosimama kando ya mifupa na kuamua, kwa uaminifu, waandike nini.

Swali la lini ndilo linalovunja uongo mwingi. Mshtakiwa anaweza kusema mnyama alimkuta ameshaoza, au kwamba pembe ni urithi wa babu. Kwa mzoga mbichi, nzi hutoa saa. Hufika mapema mno, hutaga, mayai huanguliwa, funza hupita hatua moja hadi nyingine kwa kasi inayotegemea joto. Nchini Kanada, katika mkoa wa Manitoba, miaka ya 1990 walikutwa watoto wawili wa dubu mweusi wamepasuliwa na nyongo zao zimeondolewa, maana nyongo ya dubu ina soko. Mayai ya nzi yalikusanywa, na mtaalamu wa wadudu Gail Anderson akatumia muda wa kuanguliwa kwake kukadiria saa ya kifo. Saa hiyo iliendana na wakati ambao washtakiwa walionekana mahali pale. Walitiwa hatiani na kufungwa. Kilichonigusa ni ule uangalifu wa aliyekusanya: alikusanya mayai, vitu vidogo kuliko punje ya mchele, huku mbele yake kukiwa na miili miwili ya kutisha iliyotaka macho yote.

Kwa pembe, saa ni nyingine kabisa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalikaribia kuongeza maradufu kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, hewani. Baada ya mkataba wa mwaka 1963 wa kuzuia majaribio ya angani, kiwango kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka, na mimea, na wanyama wanaoila, wamebeba alama ya kushuka huko. Pembe ya ndovu hukua kutoka kwenye kitako chake, kwa hiyo tabaka la ndani kabisa ni la siku za mwisho za maisha ya tembo. Ukilipima, unajua alikufa karibu mwaka gani. Mwanasayansi Thure Cerling na wenzake walifanya hivyo kwa pembe kutoka shehena kubwa zilizokamatwa kati ya mwaka 2002 na 2014, na matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba sehemu kubwa sana ilitokana na tembo waliokufa ndani ya miaka 3 kabla ya kukamatwa. Wale waliokuwa wakisema kwamba kinachouzwa ni akiba ya zamani iliyochomoka maghalani walipata jibu. Tembo walikuwa wanauawa kwa ajili ya soko lilelile la wakati huo.

Halafu kuna swali ambalo zamani nilidhani haliwezekani: huyu ni mnyama yupi, na alitoka wapi? Pembe ya faru ni keratini, kama kucha, na ina vinasaba vya kutosha. Maabara ya vinasaba ya Onderstepoort, Chuo Kikuu cha Pretoria, chini ya Cindy Harper, ilijenga hazina ya vinasaba vya faru iitwayo RhODIS. Faru hai anapolazwa kwa dawa ili ahamishwe au awekwe alama, sampuli yake huchukuliwa. Mzoga unapopatikana, sampuli yake huchukuliwa pia, kwa kisanduku kilichoandaliwa kwa kazi hiyo. Siku pembe inapokamatwa uwanja wa ndege, au doa la damu linapokutwa kwenye suruali ya mtu, linaweza kuoanishwa na faru mmoja, yule aliyelala mahali fulani tarehe fulani. Mtu hashtakiwi tena kwa kubeba pembe tu. Anawekwa kando ya mzoga. Lakini angalia sharti lake: kama askari hakuchukua kipande cha sikio la faru yule siku ile, pembe iliyokamatwa haina wa kuoana naye.

Kwa tembo, Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington alipita njia tofauti. Alichora ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika kwa kutumia kinyesi, ambacho utando wake wa nje hubeba seli za utumbo. Kinyesi kinaokotwa bila kumsumbua mnyama, na kila eneo lina mchanganyiko wake. Pembe yoyote iliyokamatwa inaweza kuwekwa juu ya ramani hiyo. Shehena ya tani 6.5 iliyonaswa Singapore mwaka 2002, ambayo ilisafirishwa kutoka Malawi, ilionyesha tembo waliotoka hasa maeneo ya Zambia. Mwaka 2015 kundi lake lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana kwenye shehena kubwa za miaka iliyotangulia ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na za tembo wa misituni zilitoka ukanda wa mipaka ya Gabon, Kongo, Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Anayejua hifadhi za Selous, upande wa Tanzania, na Niassa, upande wa Msumbiji, anaelewa maana ya kuambiwa hivyo kwa ushahidi wa pembe zenyewe.

Kilichofuata kilinishangaza zaidi. Wakipanga pembe za shehena moja ili wachague za kupima, waliona nyingi hazina mwenzake. Tembo ana pembe mbili, je, ya pili ilikwenda wapi? Ilikuwa kwenye kontena jingine. Mwaka 2018 walichapisha jozi zilizooana baina ya shehena tofauti, na shehena zenye pembe za tembo mmoja zilikuwa zimepita bandari ileile kwa kufuatana kwa miezi michache. Kwa njia hiyo walieleza mitandao mitatu mikubwa, wa Mombasa nchini Kenya, wa Entebbe nchini Uganda na wa Lomé nchini Togo. Mwaka 2022 wakaongeza ndugu: pembe ya mama huku, ya mtoto kule, kwenye uchambuzi wa pembe 4,320 kutoka shehena 49. Mtu aliyekuwa anakabiliwa na kosa moja la kontena moja anaweza sasa kuunganishwa na biashara ya miaka.

CITES yenyewe tangu mwaka 2013 inazitaka nchi zipeleke kupimwa sampuli za kila shehena ya pembe ya kilo 500 au zaidi ndani ya siku 90. Ningetamani sana utaratibu kama huo ungekuwapo kwa kakakuona. Jamii zote nane za kakakuona ziliwekwa kwenye daraja la juu la ulinzi la CITES kwa uamuzi wa mwaka 2016, na bado mwezi Aprili 2019 Singapore ilinasa tani 25.6 za magamba ndani ya siku chache. Kila gamba ni kipande cha mwili. Tani zote hizo ni mizoga iliyoachwa mahali, na hakuna aliyeiandika.

Sasa tuje mahakamani, ambako sayansi yote hii hukutana na karatasi. Unaweza kuthibitisha kwamba ni tembo, kwamba aliuawa kwa risasi, kwamba alikufa mwezi Machi, kwamba alitoka bonde fulani. Hakimu atauliza: mshtakiwa anahusikaje? Mwaka 2014 Mombasa zilikamatwa zaidi ya tani mbili za pembe, na Julai 2016 mtu mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru. Siwezi kuilaumu mahakama kwa kudai uthibitisho, kwa sababu ndiyo kazi yake. Pembe zilikuwepo. Uzi wa kuzifunga na mtu ndio uliokatika.

Uzi huo husukwa na vitu vidogo. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha King's College London pamoja na polisi wa London walionyesha kwamba kwa unga wa chembe ndogo zaidi alama za vidole zinaweza kuonekana kwenye pembe hata siku 28 baada ya kushikwa. Uingereza pia walijaribu karatasi zenye jelatini kunyanyua alama kwenye magamba ya kakakuona, kitu chepesi ambacho askari anaweza kubeba begani. Lakini ni kituo gani utakuta pembe zilizokamatwa zinashikwa kwa glovu? Nimeona picha nyingi za ushindi ambamo maofisa watano, kila mmoja kwa fahari, wamekumbatia pembe kifuani. Alama ya aliyeibeba kabla yao imeshafunikwa.

Kisha kuna mlolongo wa makabidhiano: nani alikikamata kielelezo, alimpa nani, saa ngapi, kikawekwa wapi, lakiri ilikuwa nzima au imevunjwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kueleza kwamba pembe za tembo si kitu cha kubadilishwa kirahisi mikononi mwa watu, kwa hiyo pengo dogo kwenye karatasi si lazima liue kesi. Nyama ni tofauti. Nyama huoza, na haiwezi kungoja kesi ya miaka. Askari huipeleka kwa hakimu, hupata amri ya kuiteketeza, na orodha iliyosainiwa ndiyo inayokwenda kwenye kesi mahali pa nyama. Mahakama hiyo imeshasema wazi kwamba mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu huyo na asikilizwe kabla amri haijatolewa, na kwamba picha za kielelezo zinafaa kupigwa. Bado hukumu nyingi ninazosoma zinaangukia hapohapo. Nyama ilichomwa, mshtakiwa alikuwa mahabusu mita chache tu kutoka pale, hakuna aliyemwita. Rufaa ikifika, orodha inaondolewa kwenye ushahidi, na pamoja nayo kesi inaondoka.

Hilo linaniumiza pande zote mbili. Huenda aliyeachiwa aliua. Huenda pia hakuua, na amekaa gerezani miaka kwa sababu ya nyama ambayo hakuna aliyeipima, iliyotajwa kuwa ya nyumbu na ofisa aliyeitazama kwa macho. Katika kesi za kitoweo mshtakiwa kwa kawaida ni maskini asiye na wakili. Kipande cha nyama chenye ukubwa wa kidole, kilichotiwa kwenye chupa ya spiriti kabla ya kuteketeza kilichobaki, kingetosha kumtetea au kumtia hatiani kwa haki.

Mwaka 2015 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilifungua maabara yake Nairobi, na nchi nyingine zimefuata au zinatumia maabara za serikali zilizokuwepo. Nawatakia heri wote. Ila ningepewa nafasi ya kupanga matumizi ya fedha za mwaka ujao, ningeanza na mkoba wa doria. Ndani yake kungekuwa na glovu za kutosha, chupa ndogo zenye spiriti, bahasha za karatasi kwa vitu vibichi vinavyooza ndani ya plastiki, lebo na lakiri zenye namba, rula ya kuweka kwenye picha, kipimajoto kwa ajili ya funza. Kila kituo kiwe na kitambua metali kimoja na jokofu linalofanya kazi hata umeme ukikatika. Na askari wa cheo cha chini afundishwe kwa wiki nzima, kando ya mzoga halisi, na daktari wa wanyama na mwendesha mashtaka wakiwa wamesimama naye, mmoja akimweleza mwili unasema nini na mwingine akimuuliza maswali ambayo wakili wa utetezi atamuuliza.